Kitufe cha majaribio hakithibitishi ethi

Mafundi wengi wakishafunga RCD (kifaa kinachokata umeme mkondo unapovuja) kwenye umeme wa muda wa tamasha hubonyeza kitufe cha majaribio, na kikikata wanageukia taa za jukwaa. Mimi siridhiki na hapo. Kitufe kile hupitisha mkondo mdogo kati ya waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia mkondo), ndani ya kifaa chenyewe, bila kuhusisha ethi, yaani waya wa usalama unaounga vyuma na ardhi, kabisa. Hata ukifungua waya wa ethi uwanja mzima, bado kitakata.

Jenereta ndogo ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Nyingi hutoka kiwandani nyutro yake haijaungwa na bodi ya chuma. Kwa kifaa kimoja si tatizo. Lakini ukishasambaza umeme kwa spika, taa na majokofu, hitilafu ya kwanza haina njia ya kurudi, kwa hiyo hakuna kinachokata wala anayegundua. Ikija ya pili kwenye waya mwingine, anayeshika vyuma viwili kwa pamoja ndiye anayekuwa njia. Unga nyutro na bodi na ethi pale kwenye jenereta, kabla ya RCD, na usirudie muungo huo mahali pengine popote.

Wapo wanaosema nondo ya ethi, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini, inatosha. Tupige hesabu: volti 230 zikipita kwenye nondo yenye ukinzani wa omu 50 hutoa ampea 4.6. Breka ya ampea 16 haitikisiki, na vyuma vinabaki na umeme. RCD ya miliampea 30 hukata mvujo wa kiasi hicho kabla ya theluthi ya sekunde kwisha.

Isiwe RCD moja kwa uwanja wote, tafadhali. Kwenye chanzo weka ya miliampea 300 inayochelewa kidogo kukata, kisha ya 30 kwa kila sakiti ya mwisho, yaani inayolisha vifaa vyenyewe. La sivyo plagi moja iliyolowa itazima taa zote, na giza la ghafla katikati ya umati huumiza watu.

Kebo: ziwe za mpira, viungio visikae kwenye maji, na ya kwenye gurudumu ifunguliwe yote, maana ikiwa imejiviringisha haipozi.

Kisha chukua kipimo kinachopitisha mkondo wa hitilafu kwenye waya wa ethi, uende soketi ya mbali kuliko zote. RCD isipokata pale, sisaini kwamba umeme uko salama, hata kama wanamuziki wameshapanda jukwaani.