Uwezo wa kuvuta tela si nguvu ya giaboksi

"Gari la gia za mkono lina uwezo wa kuvuta kuliko la otomatiki." Kauli hii haikosekani wanapokutana wapenzi wa magari ya porini, na mara nyingi hakuna anayeipinga. Tatizo lake ni kwamba inachanganya mambo mawili yasiyo ndugu.

Uwezo wa kuvuta ni uzito wa juu kabisa wa tela, pamoja na mzigo wake, ambao mtengenezaji ameruhusu gari hilo livute. Huandikwa kwa kilo, na kwa kawaida huwa na namba mbili: ya tela lenye breki zake, na ya tela lisilo na breki, ambayo huwa ndogo sana, aghalabu kilo 750. Maana yake ni hiyo tu.

Kwa hiyo uwezo ni ruhusa, ni mpaka uliowekwa. Nguvu ni jambo jingine. Torki ya injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, ukizidisha na uwiano wa gia, yaani gia inaongeza torki hiyo mara ngapi, ndiyo inayokupa msukumo kwenye matairi. Lakini mtengenezaji anapoandika kilo za tela huwa ameshaangalia pia breki, fremu, springi, rejeta, ekseli ya nyuma, na kama gari litabaki limetulia tela likianza kuyumba. Namba inayoandikwa ni ya kiungo kile kinachoelemewa kabla ya vingine. Giaboksi inaweza kuwa ndiyo kiungo hicho, na inaweza isiwe.

Chukua Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8, ya kuendesha magurudumu yote manne, iliyouzwa Australia kuanzia 2015. Ya otomatiki ilikuwa na torki ya Nm (nyutoni-mita) 450, ya gia za mkono Nm 420. Yenye torki ndogo ndiyo iliyoruhusiwa tela la kilo 3,500. Ya otomatiki iliishia kilo 3,200. Mwaka 2020 ya otomatiki ikapandishwa hadi Nm 500, ya gia za mkono ikabaki na zilezile 420, na zote mbili, zile za kuendesha magurudumu yote manne, zikaandikiwa kilo 3,500. Kama uwezo ungekuwa ni nguvu, namba hizi zisingeeleweka kabisa.

Sasa geuka upande wa pili. Jeep Gladiator Rubicon ya 2020 ina injini ileile ya petroli ya V6, lita 3.6, kwa giaboksi zote mbili. Gia ya kwanza ya mkono ina uwiano wa 5.13, ya otomatiki 4.71. Maana yake ni kwamba ya mkono ndiyo yenye gia nzito zaidi, na kweli kwenye mawe, gia ya chini kabisa ikiwa imeingizwa, inatambaa polepole kuliko mwenzake. Hata hivyo iliruhusiwa pauni 4,500, yaani kama kilo 2,041, wakati ya otomatiki iliruhusiwa pauni 7,000, kama kilo 3,175. Hapa anayesema "gia za mkono zina nguvu" anasema kweli kuhusu gia, kisha anakosea kuhusu tela.

Kwa nini? Angalia kinachotokea gari linapoondoka. Limesimama mlimani, tela zito liko nyuma, injini inazunguka lakini matairi hayazunguki. Lazima katikati kiwepo kitu kinachokubali kuteleza mpaka mwendo ulingane. Kwenye gia za mkono kitu hicho ni pleti ya klachi. Inasuguana kavu na flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini, na joto lote linabaki kwenye vyuma hivyo, mahali pasipofika upepo wa maana. Dereva anaachia pedali taratibu na harufu ya kuungua inapanda hadi ndani. Kuondoka mara moja si neno. Kuondoka, kusimama, kuondoka tena kabla vyuma havijapoa, hapo ndipo klachi inapoisha. Kipimo cha J2807 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kinagusa kidonda hichohicho: gari na tela lake linatakiwa kuondoka kutoka kusimama, kwenye mwinuko wa asilimia 12, mara 5 ndani ya dakika 5, kwenda mbele na vilevile kurudi nyuma.

Otomatiki ya kawaida haina pedali wala pleti hiyo. Ina konvata ya torki, chombo cha duara kilichojaa oili. Injini inazungusha mapanga ya upande mmoja, oili inarushwa na kusukuma mapanga ya upande wa pili, na gurudumu dogo la katikati linairudisha oili kwa pembe inayoongeza msukumo. Ndiyo maana wakati wa kuondoka torki inayoingia kwenye giaboksi inaweza kukaribia mara 2 ya ile ya injini. Joto lipo, tena jingi, ila limo ndani ya oili, na oili inapelekwa kwenye kipoozeo chake. Wanaodhani chombo hiki kilibuniwa kumpumzisha dereva mguu wa kushoto wajue kwamba Mjerumani Hermann Föttinger alikisajili mwaka 1905 kwa ajili ya meli, ili mtambo wa mvuke unaokwenda kasi uzungushe rafadha inayotaka mwendo wa pole.

Sifa ya gia za mkono haikutoka hewani. Otomatiki za zamani zilikuwa na gia 3 au 4, konvata nyingi hazikufungwa, yaani pande zake mbili hazikushikamana, hata mwendo ukishalingana, na oili ikichemka giaboksi nzima ilikuwa hatarini. Hata leo, ukiteremka na tela, gia ya mkono iliyoshikwa vizuri inatuliza gari kwa injini bila kukuuliza. Hizo ni sifa za haki, nami nazithamini. Ila hazimo kwenye ile namba ya kilo, na ile namba yenyewe ni ya barabarani: kwenye mchanga au tope haikuhakikishii chochote. Wala haihusu kumnasua aliyekwama. Usifunge kamba ya kunasulia kwenye mpira wa chuma wa kukokotea tela. Ukikatika unaruka kwa kasi ya kuua.

Basi anayetaka kulisema hili vizuri aseme: "Gari hili, lenye giaboksi hii, limeruhusiwa kilo hizi." Kilo zenyewe zimo kwenye jedwali la uzito ndani ya kitabu cha gari, na msomaji aangalie mstari wa giaboksi aliyonayo, kwa kuwa tofauti ya mstari mmoja na mwingine, kama kwa huyo Gladiator, inaweza kupita tani nzima.