Yes yetu si yes yao

Wengi wanaonijia kwa mafunzo ya mawasiliano kazini huanza na ombi moja: "Mwalimu, nisaidie Kiingereza changu." Nawasikiliza dakika kumi, naona Kiingereza kipo, tena kizuri tu. Kinachowaangusha kwenye vikao ni Kiswahili kilichojificha chini yake.

Kuna mhandisi kijana, Mtanzania, alikuwa kwenye kikao cha mtandaoni na msimamizi wake Mholanzi. Msimamizi akauliza: "You haven't sent the drawings?" Kijana akajibu: "Yes." Kikao kikaendelea. Siku tatu baadaye michoro haijaonekana, na mimi naitwa kwa sababu mtu ameshaambiwa ni mwongo.

Hakudanganya. Alijibu Kiswahili safi kwa maneno ya Kiingereza. Sisi ukituuliza "Hujatuma michoro?" tunasema "Ndiyo, sijatuma." Ndiyo yetu inakubaliana na kauli ya muulizaji: ulivyosema ndivyo. Kiingereza hakiangalii umeulizwaje. Kinaangalia kama jambo limefanyika au la. Halijafanyika, jibu ni "no". Kwa Mholanzi mambo ni mabaya zaidi, maana kwao kuna neno maalumu la kupinga kauli ya kukanusha, "jawel". Mjerumani naye ana "doch". Kwa hiyo aliposikia ile "yes", masikio yake yalipokea: "Nimetuma, usiwe na wasiwasi."

Dawa yake ni ndogo mno, na ndiyo kitu cha kwanza ninachofundisha: usijibu swali la namna hiyo kwa neno moja. Taja tendo, kisha taja siku. "I haven't sent them. You will have them on Thursday." Na wageni nao nawaambia waache kuuliza kwa kukanusha. Hiyo huwa inawauma kidogo, kwa sababu walidhani mafunzo ni ya wenyeji peke yao.

Adabu nayo inapotea njiani vivyo hivyo. Kiswahili kinabeba heshima ndani ya kitenzi: naomba unipatie, ungenisaidia. "Tafadhali" hatuitumii sana, na ikisemwa kwa sauti fulani inakaribia ugomvi. Sasa mtu anatafsiri "unipe ripoti Ijumaa" anaandika "You give me the report on Friday", na Mwingereza anayesoma anahisi ameamrishwa. Upande wa pili kuna "pole". Projekta ikizima, mwenzetu anamwambia mtoa mada "sorry, sorry", naye anageuka kumuuliza: kwani umefanya nini?

Kwenye mawasilisho tatizo ni mpangilio. Tumelelewa kwenye shughuli ambazo msemaji hutambua meza kuu, hushukuru, husema itifaki imezingatiwa, kisha husimulia safari nzima ya mradi kabla ya kufika kwenye shida yake. Nilikaa na dada mmoja wa mradi wa maji akanionyesha slaidi zake. Kwenye slaidi ya 19 ndipo nilipokutana na sentensi hii: "Tunaomba pampu mbili kabla ya masika, bila hizo kisima cha tatu hakitatoa maji." Nikamwambia hii ipande iwe ya pili. Akakataa. "Mwalimu, nitaonekana nimekurupuka, sina adabu."

Na hakukosea. Ukumbini kungekuwa na wafadhili wanaotaka kujua unataka nini ndani ya dakika mbili, na pia watu wa halmashauri ambao ukiwaruka kwenye salamu hawatakusikia tena hata ukileta dhahabu. Tukakubaliana: salamu na shukrani dakika moja, kamili, bila haraka. Halafu pampu. Halafu sababu. Historia ya mradi ikaenda mwisho, kwa atakayeuliza. Hakuna aliyeuliza.

Kuhusu ule ukimya baada ya "Kuna swali?", wageni huniletea takwimu za Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM ya kati ya mwaka 1967 na 1973. Kwenye kipimo chake cha umbali wa madaraka, yaani jinsi watu wanavyolikubali pengo kati ya mkubwa na mdogo, Afrika Mashariki ina 64, Uholanzi 38. Ni kweli mdogo hamtangulii mkubwa kusema. Ila hiyo Afrika Mashariki yake ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia kwenye kapu moja! Aliyewahi kukaa kikao kimoja na mtu wa Nairobi na mtu wa Tanga atacheka. Wa Nairobi anasema "nipe hiyo faili" na hana ubaya wowote. Wa Tanga ameshanuna. Sihitaji Mzungu kwenye chumba ili kazi yangu iwepo.

Kwa hiyo namba naziacha pembeni, napanga kikao upya. Maswali yanatumwa jana yake. Watu wanajadiliana wawili wawili kwanza, kisha mmoja anasema "sisi tumeona" badala ya "mimi naona", na hapo ulimi unalegea. Bosi anazungumza mwisho. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na mara nyingi mgumu wake ni bosi mwenyeji.

Jingine ni saa. Kwenye mwaliko andikeni 14:00, basi. Nimeona "saa nane" ikamleta mgeni ofisini saa mbili asubuhi, na mlinzi, ambaye hakuwa na taarifa ya kikao chochote, akamkalisha kwenye benchi, akamwagizia chai na chapati mbili. Tulipofika mchana alikuwa ameshafundishwa shikamoo.