Biashara ya haki huanzia kwenye mizani ya kijiji

Mkulima wa viazi mviringo amevuna kilo 3,000. Mnunuzi amefika na lori, wamekubaliana shilingi 60,000 kwa gunia na kupeana mikono. Gunia likiwa la kilo 100, mkulima ana magunia 30 na atapokea shilingi 1,800,000. Lakini magunia yaliyoshushwa kwenye lori yameongezwa kimo: juu kumeshonewa kipande cha pili na kufumwa kamba, na kila moja linameza kilo 130. Sasa magunia yamekuwa 23. Bei ni ileile waliyokubaliana, ila fedha inayohesabiwa ni shilingi 1,380,000. Shilingi 420,000 zimeondoka na hakuna aliyegusa bei.

Bei hiyo ni ya mfano, maana bei hupanda na kushuka kila msimu. Hesabu yenyewe ndiyo ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya, wa vitunguu, wa mahindi na wa kabichi wanaijua vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Nimeanza nayo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu biashara ya haki huishia kwenye bei: bei iwe nzuri, bei ilindwe, Serikali itangaze bei elekezi. Bei ina uzito wake, sikatai. Lakini bei ni ya kitu kilichopimwa, na kama kipimo ni cha upande mmoja, bei iliyotangazwa redioni inabaki maneno.

Wapo wanaoitetea lumbesa kwa kusema kwamba inampa nafuu mlaji wa mjini. Tuifuate basi hadi Dar es Salaam. Viazi vikifika soko la Mabibo, gunia linafunguliwa na mali inagawanywa kwa ndoo, kwa sado na kwa mafungu. Mama anayenunua fungu la jioni hapewi viazi vya nyongeza kwa sababu kule Njombe gunia lilijazwa kupita kiasi. Zile kilo 30 zimebaki katikati ya safari, baina ya shamba na meza ya muuzaji wa rejareja. Njiani zimembebesha mzigo mtu mwingine tunayemsahau, yaani kuli anayepandisha gunia hilo mgongoni. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo anaoubeba mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Lumbesa ya kilo 130 ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na kuli huyu mara nyingi analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Naye anapunjwa kwa kipimo kilekile kilichompunja mkulima.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002, na kwa mujibu wa kanuni zake kifungashio cha mazao ya shambani hakitakiwi kuzidi kilo 100. Chini ya hapo kinaruhusiwa, na mimi ningependa kuona mazao mengi zaidi yakifungwa kwa kilo 50, kwa ajili ya migongo ya watu na kwa urahisi wa hesabu. Wenzetu wa Kenya walifika huko kwa viazi: kanuni zao za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia, baada ya wakulima wa Nyandarua na kwingineko kulalamika miaka mingi juu ya magunia yaliyorefushwa. Hata hivyo, utekelezaji umekuwa wa kusuasua, kwao na kwetu.

Sababu si ugumu wa kuielewa sheria. Mkulima ana viazi vilivyokwisha kuchimbwa, ana deni la mbolea, hana ghala, na lori limesimama mbele yake. Akikataa lumbesa, mnunuzi anavuka barabara na kwenda kwa jirani. Jirani naye ana ada ya shule. Mtu mmoja mmoja hawezi kushinda mazungumzo hayo, hata awe jasiri kiasi gani, na afisa vipimo hawezi kusimama katika kila shamba. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya kijiji kizima kabla ya kuwa ya mkulima mmoja.

Kuondoa lumbesa maana yake ni kuuza kwa kilo, na kuuza kwa kilo kunahitaji mizani inayoaminika. Hapa naomba msomaji avumilie mambo madogomadogo, kwa sababu fedha nyingi hupotelea humo.

Mizani inayotumika katika biashara lazima ihakikiwe kila mwaka. Iliyopita ukaguzi huwekwa stika ya mwaka husika, na pale inapofaa hufungwa lakiri ili mtu asiweze kuifungua bila kuonekana. Kwa hiyo tazama stika ni ya mwaka gani kabla ya kutazama kilo. Mizani ya jikoni na ile ya kupimia uzito wa watu haziruhusiwi kununulia mazao, hata kama mwenye nazo ameapa kuwa ni nzuri. Halafu tazama sifuri: ikiwa tupu, mshale au tarakimu zisome 0. Mizani ya kukanyagia iwekwe mahali tambarare na pagumu, kwani ikiinama inasoma pungufu. Weka mzigo uleule katikati, kisha kwenye kila kona. Ikitoa majibu yanayopishana sana, isitumike mpaka fundi aiangalie na afisa vipimo aihakiki upya.

Njia rahisi ya kuipima mizani yenyewe iko dukani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Katoni ya chupa 12 za lita moja ambazo hazijafunguliwa ina kilo 12 na ziada ndogo ya plastiki na boksi. Ukiiweka kwenye mizani ikasoma kilo 11, umekwisha kupata jibu. Jaribio hili halichukui nafasi ya ukaguzi, lakini linatosha kusimamisha ununuzi na kuita anayehusika.

Kupunjwa kwingine hakutoki kwenye mizani bali kwenye daftari. Gunia limesoma kilo 48.6, karani anaandika 48. Kwa magunia 40 yenye upungufu kama huo, mkulima amepoteza kilo 24. Kuna pia makato ya uzito wa gunia tupu. Ni haki mnunuzi kuyaondoa, kwa kuwa halipii gunia bei ya korosho. Lakini gunia la juti lina uzito wa takriban kilo moja, na mfuko wa salfeti haufiki hata robo kilo, ilhali utasikia "toa kilo mbili za gunia" ikisemwa kana kwamba ni amri. Msibishane kwa maneno. Chukueni magunia tupu kumi, myapime kwa pamoja, mgawe kwa kumi, na jibu liandikwe ukutani pa kituo cha ununuzi. Kila uzito usomwe kwa sauti, mkulima akiwa mahali anapoona tarakimu, na pande zote mbili ziandike.

Niseme kwamba si kila mizani mbovu ina mwizi nyuma yake. Springi ya mizani ya saa huchoka kwa kutumika, vumbi na kutu huingia, na wakati mwingine anayepunjwa ni mnunuzi. Anayeogopa mizani yake ikaguliwe ndiye wa kutiliwa shaka.

Ndoo, madebe na visado vina mikasa yake. Debe hubonyezwa au kutanuliwa, ndoo ya plastiki hupashwa moto ikavutwa, kitako cha kisado husukumwa ndani au nje kutegemea nani anauza na nani ananunua. Mali ikipimwa kwa chombo cha ujazo, mwenye chombo ndiye mwenye faida. Mtwara na Lindi wamelijua hilo kwa uchungu kupitia kangomba, ununuzi wa korosho kwa siri, kwa bakuli na vipimo visivyo rasmi, kwa bei ya kutupa, nje ya mfumo uliowekwa.

Mfumo wenyewe ni stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zinapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unaingia ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, na malipo hupita benki. Kwa mpango huo mnunuzi hakutani na mkulima mmoja aliyekwama, anakutana na ghala lenye tani nyingi zilizopimwa. Huo ni ushindi mkubwa na unastahili kulindwa. Kinachoudhoofisha ni malipo yanayochelewa na makato ambayo mkulima hajaelezwa. Mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kusubiri wiki kadhaa, na mtu wa kangomba anakuja usiku na fedha taslimu. Msako peke yake hautamaliza kangomba. Malipo ya haraka yatapunguza sehemu kubwa.

Kagera nako kuna butura: kahawa inauzwa ikiwa bado maua mtini. Anayetoa fedha anaita msaada. Tuseme amekupa shilingi 100,000 mwanzoni mwa mwaka, na msimu ukifika anachukua kahawa ya shilingi 250,000. Umelipa riba ya asilimia 150 kwa miezi michache, na hukuisaini popote. Hapo hata mizani sahihi haisaidii, maana mali imeondoka kabla ya kupimwa. Kinachosaidia ni kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA au SACCOS, chenye mfuko wa dharura wa ugonjwa na ada. Nikiulizwa kijiji cha kahawa kianze na nini, mizani au mfuko wa dharura, nitasema mfuko.

Wengi wakisikia biashara ya haki hufikiria nembo ya Fairtrade kwenye pakiti za kahawa zinazouzwa Ulaya. Mfumo huo wa nembo ulianza Uholanzi mwaka 1988, na umuhimu wake ulionekana haraka: mwaka uliofuata makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Msingi wake ni bei ya chini kabisa isiyoshukwa. Kwa kahawa ya arabika iliyooshwa, bei hiyo ilipandishwa Agosti 2023 kutoka dola 1.40 hadi dola 1.80 kwa ratili, ambayo ni karibu dola nne kwa kilo. Juu yake kuna nyongeza ya senti 20 kwa ratili inayokwenda kwenye chama, na wanachama wenyewe ndio hupanga itumike kwa shule, barabara, mashine au kitu kingine. Vyama vyetu vikuu kama KNCU cha Kilimanjaro na KCU cha Kagera vimewahi kuuza kwa utaratibu huu.

Lakini viongozi wa vyama wawaeleze wanachama jambo moja bila kuficha: bei hiyo ni ya kahawa safi iliyokobolewa na kufikishwa melini. Si bei ya mlangoni pa mkulima. Kati ya meli na mlango kuna usafiri, ukoboaji, ushuru, gharama za chama, na ile mizani ya kijijini. Nembo ya Ulaya haiwezi kumsimamia karani anayeandika 48 badala ya 48.6. Wazee wa Kilimanjaro waliounda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kilichozaa KNCU mwaka 1933, hawakusubiri nembo yoyote. Walikusanya kahawa yao, wakaipima na kuiuza pamoja.

Haki hii ina upande wa pili. Pamba iliyomwagiwa maji au kuchanganywa na mchanga, korosho zilizowekwa mawe, mahindi mabichi yaliyopimwa kama makavu: yote hayo ni wizi wa kipimo, na anayefanya ni mkulima. Mahindi yanayokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Mnunuzi aliyewahi kulipia maji atalipiza msimu ujao kwa kushusha bei ya kijiji kizima, na mkulima mwaminifu atabeba adhabu ya mwenzake. Chama kinachokagua mali kabla ya kuipima kinawalinda wanachama wake.

Kwa vijiji visivyo na AMCOS imara, njia bado ipo. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo inaweza kutamka kwamba mazao yatauzwa kwenye kituo kimoja au viwili vinavyojulikana, kwa kilo, kwenye mizani iliyohakikiwa, na kwamba gari lililopakia lumbesa halitaondoka mpaka magunia yapunguzwe. Mizani ya kijiji inunuliwe kwa michango au kwa ushuru mdogo wa kila kilo, mapato yasomwe kwenye mkutano kama fedha nyingine za umma, na wateuliwe wasomaji wawili wasiokuwa ndugu wa mnunuzi wala wa mwenyekiti. Akina mama wawemo, kwa sababu ndio wanaouza kidogokidogo mwaka mzima, na ndoo na visado huwapunja wao kwanza. Ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa iombwe kuhakiki mizani hiyo mapema. Maombi yanayoletwa katikati ya mavuno hukuta foleni.

Mpango wa kijiji kimoja una udhaifu: lori lililokataliwa Kijiji A hupakia Kijiji B. Kwa hiyo ajenda ipelekwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, vijiji vyote vikubaliane kipimo kimoja na tarehe moja ya kuanza, na wafanyabiashara wanaokuja kila msimu waitwe kwenye kikao hicho. Wengi wao wako tayari kununua kwa kilo iwapo washindani wao nao watalazimika. Kikao kifanyike wakati viazi bado viko ardhini, maana vikishachimbwa tu mkulima amekwisha kupoteza nguvu ya kusubiri.