Gari la maonyesho lililoibwa miaka mingi iliyopita: namna ya kulisaka nchini Marekani

Magari ya maonyesho yaliyoundwa upya kwa mkono nchini Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 yalipotea kwa njia nyingi. Mengine yaliuzwa yakasahaulika, mengine yalichinjwa vipuri, na mengine yaliibwa. Anayelisaka gari la kundi hili la mwisho ana tatizo ambalo mwenye gari la kawaida halijui: fundi aliyelipamba ndiye aliyevuruga utambulisho wake wa kwanza. Alipokata paa, akabadili injini na kuhamishia bodi kwenye chesisi nyingine, namba zilitawanyika kabla mwizi hajatia mkono. Ndiyo maana kazi ya kulisaka ni mbili. Kwanza ni kujua kwamba gari hili ndilo lenyewe, na hilo husemwa na bati, rangi na mishono ya viti. Pili ni kuwathibitishia polisi na mahakama, ambao husikiliza namba na karatasi. Wengi huifanya vizuri ile ya kwanza, wakakwama kwenye ya pili.

Gari ni la nani leo?

Swali hili hurukwa mno, na ndilo linaloua madai mengi. Ikiwa bima ililipa fidia baada ya wizi, kwa kawaida haki ya umiliki ilihamia kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Aliyeibiwa anabaki na uchungu na picha, lakini si mdai. Tafuta barua ya malipo. Kama kampuni ilikwisha kuunganishwa na nyingine au kufungwa, idara ya bima ya jimbo husika huweza kueleza nani alirithi majukumu yake. Kampuni nyingi hazina haja na gari bovu la miaka 50, na hukubali kuachilia haki hiyo kwa kurudishiwa kiasi zilicholipa. Pata makubaliano hayo kwa maandishi kabla gari halijaonekana, kwa sababu likishaonekana thamani yake hupanda na mazungumzo hubadilika sura.

Kama mwenye gari amefariki, warithi wahitaji hati za mirathi zinazolitaja gari, au angalau zinazotaja mali yote isiyoorodheshwa. Kukosekana kwa hati hizo si mwisho wa madai, ila wakili atalazimika kufungua mirathi upya.

Kumbukumbu za wizi hufutika

Kanzidata ya polisi ya taifa, NCIC, inayoendeshwa na FBI, ilianza kazi mwaka 1967. Watu hudhani gari likiingizwa humo linabaki milele. Halibaki. Kumbukumbu ya gari lenye namba hukaa mwaka lilipoingizwa na miaka 4 inayofuata. Isiyo na namba ya gari hukaa siku 90 tu. Gari lililoibwa mwaka 1974, kama hakuna aliyeliingiza upya, huenda leo likakaguliwa na askari barabarani na jibu likarudi kwamba ni safi.

Raia hawezi kuingiza chochote NCIC. Anayeweza ni chombo cha polisi, na chombo chenye wajibu huo ni kile kilichopokea taarifa ya wizi. Nenda na nakala ya taarifa hiyo, namba ya kesi, hati ya umiliki, kadi ya usajili ya zamani, barua ya bima na picha, kisha omba kumbukumbu irudishwe. Kituo kikijibu kwamba faili halipo, usiondoke. Uliza kuhusu mikrofilamu, uliza kuhusu daftari la matukio la mwaka ule, na omba kwa maandishi chini ya sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo. Faili za zamani mara nyingi zilipangwa kwa tarehe, si kwa jina wala kwa namba ya gari, kwa hiyo tarehe kamili ya wizi ina thamani kuliko maelezo marefu.

NICB, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima, huhifadhi kumbukumbu za zamani zaidi na maofisa wake hushirikiana na polisi. Huduma yake ya bure ya kukagua namba mtandaoni, VINCheck, haikuundwa kwa wizi wa zamani. Jibu tupu pale halithibitishi kitu. Lakini njia ya polisi na NICB hufanya kazi. Chevrolet Corvette ya mwaka 1968, iliyoibwa New York mwezi Januari 1969, ilinaswa California mwishoni mwa 2005 ikiwa njiani kusafirishwa kwenda Sweden. Wapelelezi wa New York walilazimika kupekua kwa mkono mafaili ya mwaka ule ili kumpata aliyeibiwa.

Namba gani hasa?

Namba ya gari, VIN, yenye herufi na tarakimu 17 ilianza na magari ya mwaka wa modeli 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na majimbo mengi, hasa kwa magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950, yalisajili gari kwa namba ya injini. Hapo ndipo mtego ulipo. Fundi aling'oa injini ya zamani akaweka V8 mpya ya Cadillac au Chevrolet, injini ya kwanza ikauzwa kama chuma chakavu, na hati ya umiliki ikaendelea kutaja namba ambayo haimo tena ndani ya gari. Au mwenye gari alikwenda kubadili hati ili ilingane na injini mpya, halafu injini hiyo nayo ikatolewa baada ya misimu miwili. Orodhesha injini zote zilizowahi kufungwa, kwa mpangilio wa miaka, na namba ya kila moja kama iko kwenye risiti au hati yoyote.

Chesisi husaidia zaidi. Ford ya mwaka 1932, msingi wa magari mengi ya maonyesho, iligongwa namba juu ya reli ya kushoto ya chesisi katika sehemu tatu: mbele karibu na usukani, katikati chini ya bodi, na nyuma karibu na gurudumu. Namba za V8 huanza na 18- na kuwekewa nyota mwanzo na mwisho. Ile ya mbele ndiyo huonekana, kwa hiyo ndiyo husagwa. Ile ya katikati hufunikwa na bodi, na mwizi asiyetaka kunyanyua bodi huiacha ilivyo.

Bodi za faiba ni habari nyingine. Magari kama yale ya Ed Roth, fundi Mmarekani wa magari ya maonyesho, yalimiminwa kwenye kalibu, na bodi haikuwa na namba ya kiwanda hata kidogo. Mengine yalibebwa kwa trela kutoka ukumbi hadi ukumbi bila kusajiliwa kamwe. Kwa hayo, ushahidi wa namba unaweza kuwa ni ekseli, giaboksi au kipande cha chesisi kilichotoka kwenye gari la msingi, na hati ya umiliki ya gari hilo la msingi ndiyo ya kutafuta.

Tena, usitafute namba moja tu. Makarani walichanganya 0 na O, 1 na I, 5 na S. Nyota na vistari viliachwa au kuandikwa. Andika matoleo yote yanayowezekana na uombe kila moja likaguliwe. VIN ya sasa haitumii I, O wala Q kwa sababu ya makosa hayo hayo.

Namba iliyosagwa si lazima imepotea. Muhuri unapogonga chuma hukandamiza chembe zake hadi chini ya kina cha tarakimu yenyewe. Msasa huondoa umbo, lakini eneo lililokandamizwa hubaki, na tindikali maalumu hulila kwa kasi tofauti hadi tarakimu zitokeze kwa muda mfupi. Maabara hupiga picha wakati huo huo. Kama sehemu ilichomelewa juu au kutobolewa, mara nyingi hakuna cha kufufua. Kazi hii haifanywi nyumbani: kila jaribio hula chuma, na mlalamikaji aliyemwaga tindikali mwenyewe ameshampa wakili wa upande wa pili hoja nzuri.

Kulisoma gari lenyewe

Mwizi hubadili rangi, rimu, taa, shoo ya mbele na injini. Kazi iliyo nyuma ya vitambaa ni nadra aiguse, kwa sababu ni ghali na haionekani. Basi anza huko.

Paa lililopunguzwa lina alama ya kidole ya fundi wake. Nguzo hukatwa kwa vipimo tofauti mbele na nyuma, na ni nadra kushoto na kulia kulingana kabisa. Pima urefu wa uwazi wa kila dirisha, pande zote mbili, hadi sehemu ya kumi na sita ya inchi. Ndani, chini ya kitambaa cha paa, tafuta mstari wa kuchomelea: mahali ulipo, kama ulinyooka au ulivunjwa ngazi, kama ulisagwa au uliachwa na matone. Milango iliyoondolewa vitasa huacha viraka vinavyoonekana vizuri kwa ndani. Ukuta unaotenga injini na abiria huwa na mashimo yaliyozibwa, na mpangilio wa mashimo hayo ni vigumu kuigiza.

Picha za zamani zinaweza kutoa vipimo. Bamba la namba la Marekani lilifikia kipimo kimoja cha inchi 6 kwa 12 kufikia 1957, kwa hiyo picha iliyopigwa moja kwa moja kutoka nyuma, bamba likiwa limeonekana lote, ni rula tosha. Picha iliyopigwa kwa pembe haifai kwa hesabu hii, hata iwe safi kiasi gani.

Kisha rangi. Magari haya yalipakwa upya msimu baada ya msimu ili yahukumiwe kama mapya. Punje ya rangi ya milimita 2, ikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha matabaka kwa mpangilio. Kama picha za 1958 zinaonyesha kijani na za 1961 nyekundu angavu juu ya msingi wa dhahabu, punje itoe praima, kijani, dhahabu, kisha nyekundu inayopitisha mwanga na varnishi juu yake. Punje nzuri hutoka nyuma ya bawaba za mlango, chini ya ukingo wa dashibodi au ndani ya buti. Gari lililopigwa mchanga hadi bati tupu halitasema lolote kwa rangi. Hapo rudi kwenye mishono ya kuchomelea na kwenye madini ya risasi. Risasi iliyoyeyushwa ndiyo iliyojaza viungio kabla puti ya plastiki haijaenea katikati ya miaka ya 1950, na eksirei huonyesha umbo lake chini ya rangi yoyote.

Chanzo kimoja kinachodharauliwa ni vifaa vya kuunganisha magari ya kuchezea. AMT, Revell na Monogram zilitoa modeli za baadhi ya magari ya maonyesho, kwa kipimo cha 1:25 au 1:24, na maelekezo yake huonyesha mpangilio wa viti na mabomba ambao hakuna gazeti lililoupiga picha. Ila tahadhari: viwanda hivyo viliongeza vipande vya hiari ambavyo gari halisi halikuwahi kuvaa. Programu za maonyesho ya Oakland, yaliyoanza 1950, na ya Detroit, yaliyoanza 1953, ni bora kwa kuthibitisha mwaka na jina la mwenye gari.

Usitarajie kulipata zima. Orbitron ya Roth, ya mwaka 1964, iliyopotea bila kuripotiwa kuibwa, ilionekana Ciudad Juárez, Mexico, mwaka 2007 ikiwa haina pua ya mbele yenye taa zake tatu za rangi. Ilitambuliwa kwa kilichobaki. Tena magari maarufu yana nakala nyingi, nyingine za miaka 40 sasa. Gari linalofanana kabisa kwa nje na lenye milango isiyo na viraka kwa ndani si lako.

Ukishaliona

Usimpigie simu aliye nalo. Usimwandikie. Usilitangaze. Gari linaloonekana leo mnadani linaweza kuwa kwenye kontena wiki ijayo. Hifadhi tangazo, picha zote na anwani ya ukurasa pamoja na tarehe, kisha peleka kwa polisi waliopokea taarifa ya awali na uwaombe waliingize NCIC kabla ya kuwasiliana na polisi wa mahali lilipo. Mtu mmoja aliyeibiwa Austin-Healey huko Philadelphia mwaka 1970 aliliona mnadani mtandaoni mwaka 2012, likiuzwa Los Angeles, na akalipata. Alikuwa bado na ufunguo na hati ya umiliki.

Usiombe ofisi ya usajili jina la mwenye gari. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 huzuia kutolewa kwake kwa raia wa kawaida. Polisi na wakili wana njia. Usilichukue mwenyewe usiku, hata kama una hati mkononi. Na asikwambie mtu utume pesa ili uonyeshwe lilipo.

Kisheria, mwizi hawezi kumpa mnunuzi umiliki asiokuwa nao, hata mnunuzi awe mwema kiasi gani. Kinachobishaniwa ni muda wa kufungua madai. Majimbo mengine huanza kuhesabu siku ya wizi, mengine siku ulipogundua au ulipopaswa kugundua, na New York huanza pale aliye nalo anapokataa kulirudisha. Talbot-Lago T150C SS iliyoibwa Milwaukee mwaka 2001 ilijitokeza mwaka 2016 mnunuzi, aliyelipa karibu dola milioni 7, alipoomba hati Illinois. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliruhusu madai yaendelee, kwa sababu kukataa kulirudisha lilikuwa kosa jipya. Kwa hiyo dai la kulirudisha liandikwe na wakili, kwa tarehe na maneno aliyoyapima. Tunza pia kila barua uliyowahi kutuma ukilisaka, maana mahakama zinazohesabu tangu ugunduzi zitauliza ulifanya nini miaka yote hiyo.

Likirudi, kuna deni la kuvuta na kuhifadhi, ukaguzi wa jimbo, na pengine namba mpya ya jimbo ikiwa ya zamani haisomeki. Kabla ya kulitoa kituoni, hakikisha polisi walioliingiza NCIC wamefuta kumbukumbu hiyo na wamekupa karatasi inayosema hivyo. Isipofutwa, atakayesimamishwa barabarani na gari la wizi ni wewe.