Gemu ya mashujaa wawili: dhana yenyewe na inavyofanya kazi

Gemu ya mashujaa wawili ni gemu ya kupigana na kuruka inayotazamwa kutoka ubavuni. Shujaa anaelekea kulia, skrini inamfuata, na maadui, mashimo na kuta vinamjia. Kinachoitofautisha na nyingine ni kwamba ina mashujaa wawili wa kuchagua, kila mmoja na mwili wake na silaha yake. Hapo ndipo penye uzito wa dhana hii, na ndipo watu wengi wanapochanganya.

Chukua gemu ya Contra ya mwaka 1987, ambayo waliokulia na konsoli (mashine za gemu) za kaseti Nakuru na Kisumu wanaikumbuka vizuri. Mashujaa wake, Bill na Lance, wanakimbia sawa, wanaruka sawa na wanaokota bunduki zile zile. Ni gemu tamu ya watu wawili, ila mashujaa wake si tofauti. Rangi ya suruali ndiyo inayokuonyesha yupi ni wako. Kipimo ni rahisi: mpeleke kila shujaa kwenye kikwazo kile kile. Ikiwa vidole vyako vinafanya kazi ile ile, huyo ni shujaa mmoja aliyebadilishiwa nguo.

Tofauti ya kwanza ya maana, na ndogo kabisa, iko kwenye Super Mario Bros. 2 iliyotoka Japani mwaka 1986. Luigi anaruka juu kumzidi Mario, lakini anateleza anapojaribu kusimama. Kwa hiyo ukuta mrefu unampendelea Luigi, na kigae chembamba juu ya shimo kinampendelea Mario. Tazama kwamba nguvu ya Luigi imelipiwa. Shujaa mwenye faida tupu humfanya mwenzake asichaguliwe na mtu.

Castlevania: Bloodlines ya mwaka 1994, ya konsoli ya Sega iitwayo Mega Drive, ilifika mbali zaidi. John Morris ana mjeledi. Akiurusha kwa mshazari akiwa hewani, unanasa dari naye anabembea kuvuka pengo. Eric Lecarde ana mkuki, hawezi kubembea, lakini ana mruko maalum wa kwenda juu sana. Waliochora hatua zake, yaani sehemu za gemu unazopitia moja baada ya nyingine, waliweka njia ambazo mmoja anapita na mwingine hawezi, na ukimaliza na John bado kuna sehemu hujaziona. Huu ndio mfano ninaoupendekeza kwa yeyote anayetaka kuielewa dhana hii kwa kucheza.

Mega Man X4 ya mwaka 1997 inatofautisha umbali. X anapiga risasi kutoka mbali, na ukishikilia kitufe kisha ukakiachia risasi inatoka kubwa. Zero ana upanga, lazima amkaribie adui. Mabosi wanane, yaani maadui wakubwa wa mwisho wa hatua, ni wale wale, lakini unaposimama mbele ya bosi ukiwa na Zero, kila pigo lako linakuweka ndani ya eneo ambalo naye anaweza kukugusa. Ukimzoea X kisha ukahamia kwa Zero, utakufa sana mwanzoni kwa sababu unasimama mahali ambapo X angesimama. Songa mbele bosi akimaliza shambulio lake, piga, rudi nyuma. Halafu kumbuka kwamba uchaguzi unafanywa mwanzoni na hubadilishi katikati. Castlevania: Portrait of Ruin ya mwaka 2006 inakuruhusu kubadilishana Jonathan na Charlotte wakati wowote, na hapo mashujaa wawili wanakuwa zana mbili mkononi mwa mtu mmoja.

Wote wawili wakiwa kwenye skrini kwa pamoja, matatizo ni mengine. La kwanza ni kamera, kwa kuwa skrini ni moja. Kwenye hatua ya maporomoko ya maji ya Contra skrini inapanda na wachezaji, na anayebaki chini ya ukingo wake anakufa. Ukicheza na ndugu mdogo kwenye kibanda cha gemu kule mitaa ya Kondele au Bondeni, anayejua ndiye amsubiri asiyejua. Kukimbilia juu ni kumuua mwenzako.

La pili ni la mtambo wenyewe. Konsoli ya zamani ya Nintendo ya biti 8 huonyesha vipande vya picha 8 tu kwenye mstari mmoja wa skrini, na kila kipande kina upana wa pikseli 8 (nukta ndogo zinazounda picha). Shujaa mwenye upana wa pikseli 16 anakula vipande viwili. Mashujaa wawili wakisimama sawasawa ni vinne, maadui wawili vinne vingine, na nafasi imekwisha. Risasi inayopita hapo haionekani, au gemu inavionyesha kwa zamu na picha inaanza kupepesa. Watu hulaumu kaseti na kuanza kuipuliza, ilhali kaseti ni nzima. Mmoja wenu akiruka, mstari unapungua mzigo na picha inatulia.

Kwa anayetaka kuunda gemu ya namna hii, tuseme hatua imechorwa ufuo wa Dunga, Kisumu. Mvuvi anapigana kwa kasia, na mdogo wake ana teo. Tunataka mvuvi aruke vigae 3 (vipande vya mraba vinavyounda hatua) vya pikseli 16, yaani pikseli 48, na mdogo aruke vigae 4, yaani 64. Kwa mvuto unaopunguza kasi kwa pikseli 0.24 kila fremu (picha moja ya skrini), hesabu ya karatasi itakuambia mvuvi aanze na kasi ya 4.8, maana 4.8 mara 4.8 ukigawa kwa 0.48 ni 48. Ukiiweka kwenye kodi, yaani maagizo ya programu ya gemu, mvuvi anagonga ukuta wa vigae 3 badala ya kuupanda. Sababu ni kwamba kodi nyingi hupunguza kasi kwanza ndipo zinamsogeza shujaa, kwa hiyo anapoteza nusu ya kasi yake ya mwanzo na kufika 45.6 tu. Mpe 5, atafika 49.6 na kupanda vizuri. Kwa mdogo wake fanya hesabu hiyo hiyo, kisha ongeza kidogo.

Baada ya hapo, ukuta wa vigae 4 kati ya mashua unamfungia mvuvi. Usiuondoe. Mwekee boriti iliyooza chini, ambayo kasia inaivunja na jiwe la teo haliivunji. Kila mahali unapomfungulia mmoja, mtafutie mwingine njia ya urefu unaokaribiana, la sivyo mchezaji atamwacha yule anayezungushwa.

Jaribu hatua nzima na mvuvi peke yake, kisha na mdogo peke yake, ndipo uwaweke pamoja. Makosa mengi hujificha kwenye jaribio la pamoja, kwa sababu mmoja huwa tayari amevunja boriti au kumuua adui ambaye mwenzake asingemfikia.