Rezidenti wa neurolojia: yule "mwanafunzi" asiye mwanafunzi

Ukiuguza mtu hospitali ya Bugando, Mwanza, wiki moja tu, utauzoea msafara wa makoti meupe unaopita asubuhi kitanda kwa kitanda. Katikati yake hakosi mmoja anayemjua mzee wako kuliko wewe: usiku alikojoa mara ngapi, dawa ya jana ilimchefua, mkono wa kulia umeanza kuinuka. Ndugu humwita "yule mwanafunzi". Basi, huyo ni daktari kamili. Shahada anayo, yuko hapo anasomea ubingwa. Wodini anaitwa rezidenti.

Maana ya neno hilo ni mkazi, na zamani walikuwa wakazi kwelikweli. Hospitali ya Johns Hopkins ya Baltimore ilipofunguliwa mwaka 1889, William Osler aliweka utaratibu wa madaktari vijana kulala humohumo hospitalini. Siku hizi wanarudi nyumbani, ingawa wake na waume zao wanaweza kukubishia: kikomo cha Marekani, kilichowekwa mwaka 2003, ni wastani wa saa 80 kwa wiki.

Neurolojia ni tiba ya ubongo, uti wa mgongo, neva na misuli, bila kisu. Anayefungua fuvu ni mpasuaji, na hiyo ni fani nyingine. Watoto nao wana neurolojia yao, kwa hiyo tunayoizungumzia hapa ni ya watu wazima: kiharusi, kifafa, kutetemeka kwa uzeeni, kichwa kisichoacha kuuma, miguu inayokufa ganzi.

Marekani mafunzo hayo ni miaka 4, na wa kwanza unaishia karibu wote kwenye magonjwa ya ndani. Si kupoteza muda. Kiharusi mara nyingi kinatanguliwa na presha au sukari, na anayetibu ubongo bila kujua figo atamuumiza mtu. Kwetu Tanzania njia ni ndefu zaidi: udaktari miaka 5, mwaka mmoja wa intern (mazoezi ya kazi hospitalini), kisha ubingwa wa magonjwa ya ndani, ndipo mtu afikirie neurolojia kama ubingwa bobezi. Ndiyo maana rezidenti utakayemkuta amesimama kwa mgonjwa wa kiharusi Mwanza huenda akawa wa magonjwa ya ndani.

Anajifunza nini hasa miaka yote hiyo? Ukiniuliza mimi, nitakwambia anajifunza kuuliza "wapi" kabla ya "nini". Tuseme ameletwa mvuvi wa Igombe, miguu imelegea siku chache, mkojo umegoma kutoka. Nyumbani wameshasema amerogwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

Rezidenti anagonga goti kwa kinyundo cha mpira. Anachukua ufunguo, anaukwaruza kwenye unyayo kutoka kisiginoni kwenda mbele. Kidole gumba, badala ya kujikunja chini, kinanyanyuka juu. Kisha anamgusa kwa ncha ya kijiti, kuanzia pajani akipanda taratibu tumboni. "Hapa unasikia? Na hapa?" Mvuvi anatikisa kichwa, anatikisa tena, mpaka karibu na kitovu: "Hapo nimesikia."

Mstari huo usioonekana kwa macho umeshasema mengi. Mikono ni mizima na akili iko sawa, hivyo si ubongo. Magoti hayana kosa. Tatizo liko kwenye kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo, na sasa hata kipimo cha picha kinajua kielekezwe wapi. Baada ya hapo ndipo "nini": kifua kikuu cha mifupa ya mgongo? Uvimbe? Au kichocho? Ndiyo, kichocho kilekile cha ziwani. Mayai yake yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo na kumlaza mtu, na kikiwahiwa kinatibika kwa prazikwanteli pamoja na dawa za kutuliza uvimbe. Rezidenti aliyesomea mbali na ziwa anaweza kulijua hilo kitabuni tu. Wa hapa hulikumbuka mapema.

Usiku wa zamu ni mtihani wa aina yake. Mgonjwa wa kiharusi akifika, kwanza picha ya kichwa, kwa sababu mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka vinafanana kwa nje, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua mwenye kuvuja. Dawa hiyo nayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa anayetoka Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, lakini bado kuna saa zilizoliwa nyumbani mtu akisubiriwa "azinduke".

Kwa hiyo usishangae rezidenti akiruka salamu na kukuuliza mara tatu: mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? "Jioni" haimsaidii. "Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, akaniomba maji" inamsaidia sana.