Reli ya Mwanza haikomei stesheni

Kwa sisi tunaoshughulika na njia za reli, swali tunaloulizwa sana hapa Mwanza ni SGR, reli mpya ya kisasa, itafika lini. Langu ni jingine: ikifika, itakutana vipi na ziwa?

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, mzigo wa Mwanza ulikuwa ukipanda meli hadi Kisumu, kisha unashuka kwa reli hadi Mombasa. Wajerumani nao walijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kuja huku lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928, kupitia Shinyanga, Malampaka, Malya na Bukwimba, na pamba ya Usukuma ikapata mlango wake wa kutokea baharini ndani ya Tanganyika.

Njia hiyo ina geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya milimita 1,000. Mataruma mengi ya Reli ya Kati, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli kuzibeba, ni ya chuma, kwa sababu yale ya mbao yangeliwa na mchwa. Vipande vya reli vinaungwa kwa vibao vya chuma na bolti, na kati yake unaachwa mwanya ili chuma kipate pa kutanukia jua linapowaka. Gurudumu likivuka mwanya linagonga. Abiria huipenda sauti ile. Watu wa gengi, wanaotengeneza njia, hawaipendi hata kidogo, maana kila pigo linalegeza bolti, linasaga kokoto na kuzamisha taruma lililo chini ya kiungo. Wanainua, wanashindilia kokoto, na baada ya muda wanarudi palepale.

SGR ina geji ya milimita 1,435, reli zilizochomelewa pamoja, na mataruma ya zege. Kipande cha Mwanza–Isaka kina kilomita 341: 249 za njia kuu na 92 za njia za kupishania. Jiwe la msingi liliwekwa Fela, wilayani Misungwi, Juni 14, 2021. Wengi huuliza kwa nini haikulazwa tu juu ya tuta la zamani. Jibu ni kona. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma treni nje ya kona inaongezeka mara nne. Kwa treni iliyosanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa, mapindi ya mwaka 1928 hayafai. Inabidi upasue kilima na kujaza bonde, na mawe ya Mwanza mnayajua.

Sasa tuje Bandari ya Mwanza Kusini. MV Umoja, meli ya miaka ya 1960, ina reli ndani yake. Mabehewa yanaingia na magurudumu yake, yanavushwa hadi Port Bell, Uganda, na huko yanatoka na kuendelea na safari bila mfuko hata mmoja kushushwa. Kuyapakia kunataka utulivu. Yanaingizwa kwa zamu, upande huu kisha ule, la sivyo meli inalala ubavu. Daraja la kupandishia lina bawaba upande wa nchi kavu, na upande wa pili linapanda na kushuka na meli. Likiinama kupita kiasi, mabehewa hayapiti. Kwa hiyo kina cha ziwa ni jambo la wahandisi wa reli pia: kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2.

Hapo ndipo penye kazi. Reli za ndani ya MV Umoja ni za geji ya zamani, na za Port Bell vilevile. Behewa la SGR haliingii. Mzigo utalazimika kuhamishwa, na kontena ndilo linalohamishika kwa urahisi: kreni inalinyanyua kutoka behewa moja na kulitua kwenye jingine lililo sambamba. Nafaka na saruji za mifukoni ni shida, mikono mingi na upotevu mwingi.

Kwa maoni yangu, reli ya zamani isiguswe kuanzia Fela hadi gatini, na ijengwe yadi moja ambamo geji zote mbili zinalala ubavu kwa ubavu chini ya kreni moja. Fela kuna nafasi kuliko bandarini, ambako jiji limeshabana. Kutoka hapo mabehewa ya geji ya zamani yanashuka hadi melini kama siku zote. Wanaosema reli hiyo ya zamani ing'olewe ili kuokoa gharama za matengenezo wanahesabu upande mmoja tu. Bila kipande hicho, meli za mabehewa za pande zote mbili za ziwa hazitakuwa na cha kubeba kutoka Mwanza.